Jiwe Moja Juu ya Bamba

Teke la kwanza lilifungua mlango wa uani, la pili likapindua sufuria ya maharage. Amon alikuwa ndiyo kwanza amenawa mikono, anangoja kupakuliwa. Kabla hajauliza ni hodi ya namna gani hiyo, tayari alikuwa amebanwa shingo ukutani.

"Umemuua mdogo wangu," Bernardo alimwambia, pua kwa pua. "Umemuua kwa vyuma vyako vya kuokoteza, halafu umekaa hapa unangoja maharage!"

Nyuma yake walisimama vijana wengine wa machimboni, vumbi la mwamba bado liko kwenye nyusi. Mama Josepha alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, na pale mtaani Kanyenye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti nje ya kanisa.

"Bernardo, mwanangu. Umeingia kwangu bila hodi wala shikamoo. Mwachie mwenzio apumue, kisha useme."

"Shikamoo ya leo nimeiacha kwenye jeneza, mama."

Kilichotokea kilikuwa kinajulikana mji mzima. Jana yake, kwenye mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu wa mzee Valentino, kando ya barabara ya Nzega, hopa ilipasuka. Hopa ni lile pipa kubwa la chuma lenye umbo la faneli: mawe humwagwa kwa juu, yakatoka kwa chini kwenda kusagwa. Dionis, mdogo wake Bernardo, alikuwa amesimama nyuma ya hopa akichokonoa mawe yaliyokwama. Walipomfukua, mkewe alimtambua kwa mkanda wa suruali. Na hopa ile iliundwa na Amon, fundi wa kuchomelea.

"Mzee Valentino ametueleza," Bernardo alisema. "Mishono ya gundi. Chuma kama karatasi. Ukoo umekaa na umeamua: jeneza halitoki mpaka aliyeunda kitu kile asimame mbele ya maiti, aseme alichokifanya."

"Nilichomelea ndani na nje," Amon alikoroma. "Hata wewe uliniona."

Kofi lilimfunga mdomo. Hapo ndipo Julieth, mdogo wake Amon, alipotoka chumbani. Alikuwa amesomea uhandisi Dar es Salaam na sasa alifanyia kazi nyumbani, kazi za kutumwa kwa mtandao ambazo majirani waliziita kukaa bure.

"Ukimwachia, nitakuonyesha," alisema.

"Utanionyesha nini wewe?"

"Hopa hiyo niliichora mimi, kaka Bernardo. Imo kwenye kompyuta yangu. Naweza kuimwagia mawe humo ndani, mkaona kwa macho yenu kama inapasuka au haipasuki."

Vijana walicheka. Mmoja akasema, "Mwenzetu amekufa, huyu anatuletea katuni." Lakini Bernardo hakucheka. Mtu aliyefiwa hushika hata unyasi.

"Kesho adhuhuri, msibani," alisema. "Mje wote. Na kama hiyo kompyuta yako itanyamaza, Amon tutamzika chini ya Dionis, akiwa hai."

Walipotoka, wa mwisho wao alitema mate ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Mama Josepha aliyamwaga maji yale polepole kwenye shina la mpapai, kisha akaokota maharage moja moja kwenye vumbi, kwa sababu hayakuwapo mengine.

 

Kazi aliyojitwika Julieth ilikuwa na programu mbili, wala si moja. Ya kwanza ilijua mawe: kila jiwe peke yake, linavyoanguka, linavyogongana na mwenzake, linavyoegemea ukuta. Ya pili ilijua chuma: bamba lote limegawanywa vipande vidogo kama matundu ya wavu, kila kipande kikipinda na kuvutika kwa kadiri yake. Katikati Julieth alikuwa amejiandikia daraja. Mawe yaseme yamesukuma kwa nguvu gani, chuma kijibu kimesogea kiasi gani, na mawe yafuate.

Daraja lilikuwa na ugonjwa. Kila alipojaza hopa, mawe yalitulia kwa muda mfupi, kisha chuma kikaanza kutetemeka bila sababu, kikatetemeka zaidi, na mara wavu wote ukachanika vipande na mawe yakaruka juu kama bisi.

"Ndivyo ilivyokuwa?" Mama Josepha aliuliza. Alikuwa ameketi kando na rozari yake, macho kwenye kioo.

"Hapana, mama. Chuma hakiwezi kufanya hivi. Tazama: mawe yametulia, hakuna anayeyasukuma, lakini nguvu inaongezeka. Inatoka wapi? Hii ni nguvu isiyo na mwenyewe. Kuna mahali nimekosea hesabu."

"Basi tafuta."

Alitafuta. Alipunguza ugumu wa mawe, hopa ikapasuka. Alipunguza hatua za muda ambazo kompyuta huzikokotoa moja baada ya nyingine, ikapasuka. Mafundi wana msemo kwamba chombo kikilia usikizibe mdomo, kiulize kinaumwa wapi. Lakini Julieth alikuwa na miadi na jeneza. Mwishowe alipunguza mawe yenyewe, yakabaki machache ya kufunika mdomo wa chini tu. Hopa ikatulia. Akairudia, ikatulia tena. Akashusha pumzi.

Amon alikuwa akimtazama, shingo imevimba alama za vidole. "Usiende nayo," alisema. "Twende tukawalilie tu. Nitapiga magoti. Watu wanapiga magoti, hawafi."

"Ukipiga magoti umekiri."

"Na hicho chombo chako kikinigeuka?"

"Hakitageuka. Nitaonyesha kidogo kidogo, niwaeleze."

Alisema hivyo kwa upole, naye alikuwa mtoto mwema. Ila kiburi cha aliyesoma si lazima kipige kelele. Wakati mwingine huongea taratibu na kuahidi kueleza.

 

Turubai la msiba lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na kichuguu. Jeneza lilikaa juu ya viti viwili, mlangoni. Shukrani, mke wa Dionis, alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kucha zake zimekatika kwa kufukua mawe. Hakulia. Alitazama tu.

Amon alisimamishwa kando ya jeneza kama walivyotaka. Wanawake walipomwona walipandisha kilio, na bibi mmoja akamrushia majivu usoni. "Mayo wane, mama yangu! Amekuja na kaunda suti!" mwingine akasema. Kaunda suti ile ilikuwa ya marehemu baba yake. Hakuwa na nguo nyingine isiyo na matundu ya cheche.

Kompyuta iliwekwa juu ya kigoda. Julieth alieleza, lakini nani husikiliza hesabu mbele ya maiti? Akaonyesha mawe machache. Yakaanguka, yakatulia. Chuma kikabaki na rangi yake ya buluu.

"Mnaona? Bamba limebeba, mshono umebeba."

Mzee Valentino alikuwa ameketi mbele, kanzu nyeupe, viatu havina hata chembe ya udongo. Alikohoa. "Binti yangu, samahani. Dionis alifukiwa na hayo mawe matano? Mbona hopa yako ina njaa?"

Watu wakaguna.

"Ijaze," alisema Valentino.

"Mzee, ikijazwa bado kuna sehemu ya hesabu ambayo..."

"Ijaze!" Bernardo alinguruma.

Angeweza kukataa. Alitazama duara la miguu iliyomzunguka, akamtazama kaka yake mwenye majivu kwenye nywele, akaomba Mungu, akaijaza.

Mawe yalimiminika hadi ukingoni, yakatulia. Pale msibani hakusikika hata mtoto. Halafu chuma kikaanza kutetemeka. Kikawa cha manjano, kikawa chekundu, na mbele ya macho ya wafiwa wote hopa ya Amon ikachanika vipande vipande na mawe yakaruka hadi nje ya kioo.

"Yesu wangu," mtu akasema taratibu.

"Hapana! Hilo si kweli, hilo ni kosa la hesabu, ngojeni..."

"Kosa?" Valentino alisimama. "Kompyuta ya dada yake mwenyewe imemkana. Mnataka shahidi gani tena?"

Kigoda kiliruka. Mtu alimvuta Julieth kwa nywele, akampiga, meno yake mawili yakaangukia mchangani. Amon alianguka kwa gongo la kwanza, yakafuata mateke, na sauti ya mateke kwenye mbavu ni sauti ya mtu anayetwanga mihogo mibichi. Mama Josepha aliwapenya wote akajilaza juu ya mwanawe akisali Salamu Maria, nao wakampiga mgongoni bila kukatisha sala yake. Walimburura pembeni. Bernardo alitoka na nyundo ya kupasulia mwamba.

"Mkono gani unachomelea?"

Amon aliificha yote miwili kifuani. Wakamnyoosha wa kulia juu ya jiwe la kunolea. Nyundo ilishuka. Ilipanda, ikashuka tena, na ukelele uliotoka haukuwa wa mtu mzima. Bernardo aliinyanyua mara nyingine, na safari hii ilielekea kichwani.

"Bernardo!"

Shukrani alikuwa amesimama juu ya mkeka. "Usinimwagie damu mbele ya mume wangu. Kama unaua, subiri kwanza nimzike."

Nyundo ikabaki hewani, ikashuka ubavuni.

 

Katika Hospitali ya Kitete, daktari aliokoa kidole gumba na cha shahada. Vingine havikuwa vidole tena. Askari alikaa kwenye kiti mlangoni mwa wodi, maana Valentino alikuwa ameshafungua kesi ya kuua bila kukusudia. Kijana mmoja alirekodi msibani kwa simu, na kufikia jioni ile video ilikuwa mikononi mwa kila mtu. Muuza vocha alimwonyesha Mama Josepha mwenyewe, bila kujua ni nani. "Mama, umeiona hii? Dada mtu kamchoma kaka yake laivu!" Mama Josepha aliitazama hadi mwisho, akasema, "Nimeiona, mwanangu," akaenda kununua pamba.

Amon alizinduka akamkuta Julieth kando ya kitanda, mdomo umeshonwa.

"Bernardo simlaumu," alisema. "Yeye alishika nyundo. Aliyempa ni wewe."

Julieth aliichukua kompyuta yake. Alitoka akakaa kwenye benchi ukumbini, kompyuta mapajani, kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Safari hii hakuijaza hopa. Aliiondoa kabisa. Akaacha bamba moja la chuma, limelala, na juu yake jiwe moja, limetulia. Jiwe halianguki, halisukumwi. Basi bamba linatakiwa lihisi uzito wa jiwe lile na si zaidi. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Bamba lilihisi uzito wa mlima.

Julieth alisahau maumivu ya mdomo. Akaiendea ile sehemu ya daraja, mstari kwa mstari, na hatimaye akaliona kosa. Programu ya mawe huenda kwa hatua ndogo ndogo sana. Wakati chuma kinapiga hatua moja, mawe yamepiga nyingi. Kila hatua mawe husema: nimesukuma kiasi hiki. Daraja lilitakiwa lichukue wastani. Lenyewe lilijumlisha.

"Ni kama nini?" Mama Josepha aliuliza, maana alimwona amejishika kichwa.

"Ni kama kumpeleka mtoto kliniki, mama, ukampima mara hamsini, kisha ukajumlisha zote. Unarudi nyumbani unasema nina mtoto mwenye uzito wa ng'ombe."

Mama Josepha aliiweka rozari mapajani. Kisha akasema, "Na kwa ajili ya ng'ombe huyo wamemponda mwanangu mkono."

Julieth alisahihisha. Jiwe moja, bamba likahisi jiwe moja. Mawe kumi, kumi. Akairudisha hopa, akaijaza hadi ukingoni, nayo ikasimama kama kanisa. Akaenda kwa Amon.

"Kaka. Hopa yako haipasuki."

"Nilijua. Mbona basi ilipasuka?"

"Walikuwa wanaijaza kwa kutumia nini?"

"Koleo na mkokoteni. Ndivyo tulivyokubaliana na Valentino, na ndivyo nilivyokuambia uchore." Alikunja uso. "Ila nilipopita pale siku chache nyuma niliona wamejaza udongo nyuma ya hopa, umepanda kama kilima. Nikamuuliza, akasema cha kuzuia maji ya mvua."

"Maji ya mvua? Kilima kina upana gani?"

Amon alimtazama dada yake, na Julieth akaona lile wazo likimfikia. "Wa gari," Amon alisema. "Walikuwa wanapandisha tipa. Wanamwaga lori zima kwa mpigo."

"Nani anaendesha tipa la Valentino?"

Amon aligeukia ukutani. "Bernardo," alisema. "Tipa ni moja tu, na dereva ni yeye."

Julieth alimwaga lori zima kwa mpigo, kutoka kimo cha kilima. Hopa haikusambaratika. Ilichanika sehemu moja tu, bamba la nyuma, kando kidogo ya mshono. Mshono wenyewe ulibaki mzima.

Alipompelekea askari mpelelezi, yule bwana hakuchukua hata kiti. "Dada, picha zako nchi nzima imeziona. Ya jana ilisema hivi, ya leo inasema vile. Kesho itasema nini?"

"Twendeni tukaitazame hopa yenyewe, afande. Ilivyochanika."

"Hopa ipi? Mwenye mali ameshaikata, ameiuza chuma chakavu. Niletee mtu aliyeiona. Lakini si wa kwenu."

 

Matanga yalikuwa yameanuliwa. Shukrani alikuwa uani anapepeta mchele wa kurudisha kwa majirani waliowakopesha sufuria na vyakula. Bernardo alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Tangu wazike alilala hapo, akisema analinda wajane wa ukoo, ingawa mjane alikuwa mmoja.

Julieth alipiga hodi. Mama Josepha alikuwa naye, akitembea kwa kujikunja kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

"Shikamoo, mama," Shukrani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Poleni na ninyi. Mkono wake?"

"Vimebaki vidole viwili."

Shukrani aliweka ungo chini. Julieth hakuzunguka. "Dada Shukrani, sitakuonyesha chochote kwanza. Nakuuliza. Ulipokimbilia nyuma ya hopa, ilikuwa imechanikaje?"

"Si uliionyesha mwenyewe? Vipande vipande."

"Ile ilikuwa hesabu yangu mbovu, na kaka yangu ameilipia. Nakuuliza wewe uliyefukua kwa mikono. Ilikuwa vipande vipande?"

Shukrani alizitazama kucha zake. "Hapana," alisema. "Ilisimama. Ilichanika nyuma tu, kama gunia lililotoboka. Nilijishika pale nikivuta mawe, pale kwenye mshono, kwa sababu kando yake chuma kilikuwa kinakata. Mshono ulikuwa mzima. Nilining'inia hapohapo."

Julieth alifungua kompyuta juu ya kigoda. Nyuma ya ufa wa kioo, lori liliinuka juu ya kilima, likamwaga, na bamba la nyuma likafunguka kando ya mshono, mahali palepale. Shukrani aliziba mdomo kwa kanga.

"Cheza tena," alisema.

"Cheza nini?" Bernardo alikuwa amefika, panga mkononi. Akaliona lori. Hakuna dereva asiyelijua gari lake. Uso wake ulikwenda rangi ya jivu. "Zima."

"Kaka Bernardo, wewe ulitumwa. Valentino ndiye aliyejenga kilima, ndiye aliyejua hopa ni ya koleo."

"Nimesema zima! Futa!"

"Kaka yangu yuko chini ya ulinzi. Siwezi kufuta."

Panga lilishuka. Julieth aliinua mkono bila kufikiri. Ncha ilimpasua kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, kisha ikaingia kwenye kompyuta, ikapita kioo na herufi na kilichokuwa ndani yake, ikakwama kwenye kigoda. Bernardo alilichomoa akapiga tena, na tena, akilia sasa kwa sauti, vipande vikirukia mchele. Mama Josepha alimvuta binti yake nyuma, akamfunga mkono kwa kilemba chake.

Alipochoka, Bernardo alikaa chini palepale. "Hakuna kitu," alisema, akihema. "Hakuna kitu tena. Nani atasema? Hopa haipo. Sinema haipo."

"Mimi nipo," Shukrani alisema.

"Shemeji."

"Usiniite. Nimeiona kwa macho, nimeishika kwa mikono." Alikuwa anajifunga kanga kiunoni. "Ulikuwa juu ya kilima kile, Bernardo, nami nilikuwa chini. Ulinisikia napiga kelele kwamba yuko nyuma?"

Bernardo alilisukuma panga kando.

Shukrani hakungoja jibu. Aliliokota panga, akalitupa ndani ya shimo la choo, akarudi akamshika Julieth mkono usioumia.

"Kituo cha polisi kiko mbali, mama, na huyu anavuja damu," alisema. "Twende upesi, kabla sijakumbuka kwamba Bernardo ni shemeji yangu."